Akichelewa Analeta Habari

Nakutegea kitendawili. Mgeni wangu anatoka juu. Akifika mapema, hana mengi ya kusema. Akichelewa, amebeba habari. Ni nani? Usinipe mji haraka. Keti kwanza usikie ya Anjeline.

Ilikuwa mwaka 1998, wakati wa kuvuna wimbi, ule ulezi wa uji. Anjeline na mumewe Emojong waliishi karibu na mto Malaba, upande wa Kenya. Ng'ambo ya mto ni Uganda. Emojong alikuwa boda boda, akibeba watu kwa baiskeli pale mpakani. Anjeline alilima. Siku hiyo alikuwa ameanika wimbi uani.

Katikati ya uwanja palikuwa na kitu kigeni. Kilisimama kwa miguu mitatu iliyoshikwa na saruji. Juu kilikuwa na kofia nyeupe kama uyoga. Kilikuwa cha dada Vivian, mtafiti wa hali ya hewa kutoka Busia mjini. Aliomba kukiweka hapo kwa sababu uwanja ulikuwa wazi, hauna miti.

Mawingu yakapanda juu ya mwamba wa Tororo, kule Uganda. Anjeline akaanua wimbi mbio mbio. Kisha akachukua karai lake la bati, akakifunika kile chombo. Alifanya hivyo kila mawingu yalipokuja.

"Mali ya mgeni hainyeshewi," alisema.

Emojong alifika na mvua, akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao.

"Mama Ekisa, kile kitu kiondoke."

"Kimekukosea nini?"

"Wenzangu wanasema kinapima mpaka. Siku moja tutaamka mpaka umesogea hadi hapa uani. Na kaburi la mama liko pale chini, karibu na mto. Nitavuka mpaka kwenda kulipalilia?"

"Si kila siku unavuka?"

"Navuka na abiria. Sivuki na kaburi."

Kesho yake Vivian alikuja. Akaunganisha waya na kompyuta yake ndogo. Akakunja uso.

"Mama, chombo hiki kinakuwa kiziwi kila mvua ikikaribia. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Mimi nakitunza vizuri." Anjeline akamwonyesha karai.

Vivian alicheka mpaka akaketi chini. "Pole, mama. Karai linazuia mawimbi ya redio yanayotoka juu. Mvua haikidhuru hiki. Wakati wa mawingu ndio ninataka kisikilize."

Emojong hakucheka. "Dada, niambie ukweli. Kinapima mpaka?"

"Sitakudanganya, mzee. Vyombo vya namna hii vinaweza kupima mashamba. Hata meli vinazionyesha njia. Lakini hiki hakipimi mpaka, nimekifunga kwa saruji. Kikihama upana wa kidole tu, kazi yangu imeharibika."

"Sasa kinafanya nini?"

"Kinasikiliza. Juu sana kuna setilaiti zinazozunguka dunia. Kila moja inatuma mawimbi ya redio yanayosema, tumetoka saa fulani. Chombo kinaangalia yamefika saa ngapi. Hewani kuna mvuke, maji ambayo hatuyaoni. Mvuke ukiwa mwingi, mawimbi yanachelewa. Ni kidogo sana, saa ya mkono haiwezi kuona. Tukipima kule kuchelewa, tunajua juu kuna maji kiasi gani, bila kupanda huko."

Emojong akatikisa kichwa. "Kuchelewa tu kunasema hayo yote?"

Anjeline akaingilia. "Baba Ekisa, barabara ikiwa kavu, unafika ugali bado uko motoni. Ukichelewa, najua njia ina matope. Nimeenda kuiona?"

"Hujaenda."

"Basi ni nani ameniambia?"

Emojong akafikiri. "Ni mimi. Lakini kama nimepitia pombe ya wimbi?"

"Hiyo naijua kwa harufu. Naitoa kwenye hesabu."

"Hata sisi," Vivian akasema, "sababu nyingine za kuchelewa tunazitoa kwa hesabu. Kinachobaki ni mvuke."

"Na nyumba yangu haihami," Emojong akasema polepole. "Ingehama, mama Ekisa asingejua kama ni matope au ni umbali."

"Umeshika, mzee. Ndiyo sababu ya saruji."

Emojong akatazama kule chini mtoni, kwenye kaburi. Kisha akaenda kukata miiba. Jioni chombo kilikuwa na ua, mbuzi wasikisukume.

Mawingu yaliporudi, Anjeline alianua wimbi lake na karai lake. Chombo akakiacha kinyeshewe. Mkono ulimwasha kukifunika, lakini akakiacha.

Vivian alipokuja tena, alifurahi. Chombo kilikuwa kimesikia mvuke ukiongezeka kabla ya mvua.

"Basi utatuambia siku ya kuanika?" Anjeline akauliza.

"Bado, mama. Tunajifunza. Lakini watabiri wakijua maji yaliyo hewani, watabashiri vizuri zaidi kuliko leo."

Siku hizo mpakani, mtu akisema kile kitu kinahamisha nchi, Emojong alimjibu, "Hicho ndicho kitu kisichohama kuliko vyote hapa Malaba. Njoo ukisukume uone."

Jioni moja alichelewa sana. Alipofika, alikuta karai lile limejaa maji ya moto ya kuoshea miguu.

Akatazama matope magotini mwake. "Nani amekuambia?"

"Aliyechelewa," Anjeline akasema.

Sasa nipe jibu, au nipe mji.