Glenda, Yolanda na Risasi ya Mtaa wa Vine

Asubuhi ile Glenda Hartsock alikuwa akikaanga mayai kama kawaida yake. Mumewe, Russ, alikaa mezani na simu, akicheka peke yake. Glenda akamuuliza anasoma nini. Russ akasema ni mambo ya mpira. Glenda akamchungulia begani. Mpira gani! Mume wake wa ndoa alikuwa akisoma blogu ya Yolanda Mabry.

Glenda alikuwa mwandishi wa gazeti la mji wao, Corbin Falls, tangu ujana wake. Yolanda alijifunza kazi kwake. Gazeti lilipopunguza wafanyakazi, Yolanda aliachishwa, naye akaanza kuandika blogu akiwa jikoni kwake. Sasa mji mzima ulimsoma yeye. Kanisani, saluni, dukani, kote ni Yolanda kasema hivi, Yolanda kasema vile. Glenda alikuwa na wivu, wivu hasa, ule wa kumnyima mtu usingizi. Mwenyewe aliuita kulinda heshima ya kazi.

Mchana polisi walimpiga risasi kijana mmoja kwenye kituo cha mafuta, Mtaa wa Vine. Jina lake Emmett Pettway, fundi bomba. Hakufa. Alilazwa hospitali, akafungwa pingu kitandani. Polisi walisema aliwatolea bastola, na kosa hilo lingemtupa gerezani miaka mingi.

Polisi walituma taarifa yao gazetini. Siku nyingine Glenda angepiga simu kwanza, aiulize familia, awaulize waliokuwepo. Lakini alijua Yolanda naye yuko mbioni. Leo hanitangulii, alijiambia. Akaichukua taarifa kama ilivyo, akaiweka kwenye tovuti ya gazeti: Emmett Pettway alitoa bastola, polisi wakajihami. Hakusema kwamba hayo ni maneno ya polisi. Aliandika kana kwamba yeye mwenyewe alikuwepo.

Yolanda akauliza maswali kwenye blogu yake. Nani ameiona hiyo bastola? Mbona gazeti halikumtafuta hata shahidi mmoja? Yalikuwa maswali ya haki, lakini yalimwingia Glenda kama pilipili jichoni. Akajibu kwenye ukurasa wa gazeti, mbele ya watu wote, kwamba Yolanda ni mtu wa jikoni anayejifanya mwandishi, anatetea wahalifu ili apate wasomaji. Yolanda hakunyamaza. Alisema jikoni kwake watu huulizwa kabla ya kuandikwa. Basi mji ukaingia katikati, huyu anashangilia, yule anazomea. Wengine wakamtukana mama yake Emmett, mama wa watu ambaye hakuandika hata neno moja.

Kesho yake polisi wenyewe wakabadili maneno. Bastola haikuwepo. Emmett alikuwa ameshika spana. Hata hivyo hawakumfungua pingu. Sasa walidai aliwatishia kwa spana hiyo.

Glenda akaingia kwenye tovuti kimyakimya. Akafuta bastola, akaweka spana, akatoka. Alidhani yamekwisha. Wapi! Yolanda alikuwa ameipiga picha habari ya kwanza. Akaziweka zote mbili pamoja, ya jana na ya leo, bila tusi hata moja.

Glenda akatoka nje, uso umemvimba kwa hasira. Jirani yake, Marian Stoltz, wakili mstaafu, alikuwa akikusanya majani makavu uani. Glenda akammwagia yote.

"Kwani unamwonea wivu yule binti?" Marian akauliza.

"Mimi? Nimwonee wivu Yolanda?"

"Wewe, ndiyo."

Glenda akakaa kwenye ngazi. "Hata Russ anamsoma," akasema, sauti ikikatika. "Mume wangu, Marian. Mezani kwangu."

Marian hakucheka. Alimweleza polepole kwamba taarifa ya polisi ni maneno ya upande mmoja. Iandike, lakini sema ni ya polisi, na taja nani bado hajasikilizwa. Ukikosea usifute kwa siri. Weka sahihisho juu kabisa, useme uliandika nini na ukweli ni upi, kwa sababu aliyesoma kosa lako jana hajui kwamba leo umelifuta.

"Na kesi za hapa huamuliwa na raia wa kawaida," akaongeza. "Watu wa mji huu huu. Watakaokaa mahakamani kumhukumu Emmett wameshasoma kwako kwamba alitoa bastola. Unataka nani awaambie kwamba si kweli?"

Glenda akarudi ndani. Aliandika sahihisho kwa jina lake, akaliweka juu ya habari. Akamwomba radhi Emmett, na mama yake. Akayaondoa matusi yote kwenye ukurasa, akawaomba waliokuwepo kituoni waseme walichoona. Ikabaki sentensi moja, ya kusema kwamba Yolanda aliuliza vizuri na yeye alimtukana bure. Vidole viligoma. Aliinuka, akanywa maji, akazunguka meza. Kisha akaiandika.

Sahihisho hilo lilisomwa sana. Baada ya siku chache shahidi akajitokeza, mwanamke aliyekuwa akijaza mafuta siku ile. Alikuwa na video kwenye simu, ila aliogopa kutukanwa kama mama yake Emmett. Video ilimwonyesha Emmett ameinama akifunga nati ya gari lake, amewapa polisi mgongo.

Lakini mwanamke yule aliipeleka kwa Yolanda.

"Mimi ndiye niliyemwita, Russ!" Glenda akasema. "Mimi. Kampelekea yeye."

Russ aliogopa hata kutafuna. Glenda akavuta kompyuta yake. Alimpigia shahidi simu, akahakikisha. Akawapigia polisi, akawapa nafasi ya kujibu. Ndipo akaandika, na katika sentensi ya kwanza akasema kwamba aliyeipata video ni Yolanda Mabry, na itazamwe kwenye blogu yake.

Mashtaka yakafutwa. Pingu zikafunguliwa, Emmett akarudi kwao akichechemea. Glenda alikwenda kumhoji mama yake, na safari hii alisikiliza mpaka mwisho. Mama alimshukuru Mungu, akamshukuru Yolanda, akarudia tena kumshukuru Yolanda. Jina la Glenda hakulitaja kabisa.

Glenda akafunga daftari lake, akaaga. Kisha akaenda gazetini, akayaandika maneno ya mama yule kama alivyoyasikia, bila kupunguza hata moja.