Kwato Ndani ya Folda Tupu

Folda ilikuwepo. Kilichokuwa ndani yake hakikuwepo.

Inspekta Generoza Mayala alisimama nyuma ya kiti, akaitazama ile skrini nyeupe. Hapo palitakiwa kuwa na ramani ya uchorongaji: dhahabu iko wapi, kina gani, mkondo wake unapita wapi chini ya ardhi ya Ushirombo. Mlango wa ofisi haukuvunjwa. Nondo za dirisha zilikuwa mahali pake. Hata diski ya akiba, yenye nakala ya ramani, ilitoweka kabatini, na ufunguo wa kabati ulining'inia kwenye msumari ukutani, mtu yeyote angeufikia.

"Mwizi mnaye tayari," alisema Bwana Masele, mwenye kampuni. "Ni Melania. Jumamosi alikuwa peke yake humu. Wawekezaji wanakuja keshokutwa, Inspekta. Mbaneni aseme ameiuza kwa nani."

Melania alikuwa karani wa ofisi. Usiku uliopita alilala mahabusu, kituo cha Kahama. Mwanawe Luka bado ananyonya, na bibi yake alimleta asubuhi akilia. Generoza, mwenye watoto wake watatu, hakulipenda alilolikuta: mtoto ananyonyeshwa kupitia nondo. Jioni hiyo jalada lingekwenda kwa mwendesha mashtaka.

"Kompyuta zenu ni zipi?"

"Yangu na ya Melania ni Windows. Ile kuukuu ya kwenye kona ndiyo seva, ina Linux. Na Telesphori ana Mac yake."

Telesphori alikuwa mpima ardhi wa kampuni, mtu mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono.

"Mimi nitoeni humo, afande," alisema. "Mac haiongei na hizi. Nikitaka faili, Melania hunipa kwenye flashi."

"Kweli kabisa," Masele akadakia. "Mifumo mitatu tofauti! Ni kufunga ng'ombe, punda na mbuzi nira moja."

Generoza alimgeukia Koplo Asteria, aliyetumwa na kitengo cha makosa ya mtandao kutoka Shinyanga. "Kumbukumbu za seva zinasemaje?"

"Zinasema aliyefuta ni 'ofisi', afande."

"Ofisi ni nani?"

"Ni wote. Wanaingia kwa jina moja na neno la siri moja. Na fundi aliyeisimika seva hakuiambia iandike zaidi ya hapo."

"Ofisi ya dhahabu," Generoza alimwambia Masele, "ufunguo mmoja?"

"Kila mtu akiwa na lake anasahau. Kila siku simu kwa fundi! Tukasema basi, liwe moja, kama kata ya mtungini."

"Sasa kata hiyo kila mdomo umeigusa," alisema Asteria.

Generoza aliitazama tena ile folda. Alikulia Didia, kwenye ng'ombe. Ng'ombe wakiibwa, wenye hasira hukimbilia njiani na fimbo. Baba yake yeye alianzia zizini, ameinama, mpaka auone ukwato wa kwanza. Wasukuma huuita lwayo, na lwayo hufuatwa kijiji hadi kijiji.

"Asteria, nionyeshe ndani ya folda."

"Ni tupu, afande."

"Zizi likiwa tupu, ardhi inabaki. Iamuru seva ikuonyeshe kila kilichomo, hata inachokificha."

Asteria alihamia kwenye ile mashine kuukuu, akaandika amri fupi. Mstari mmoja ukatokea. Faili dogo, jina lake limeanza na nukta.

"Yesu wangu," akanong'ona.

"Nini?"

"Faili la kuanzia na nukta linafichwa. Humu ofisini hakuna mashine inayolionyesha mpaka uilazimishe. Lakini Windows haitengenezi hili, afande. Ni Mac. Mac ikichakura folda, inajiandikia humo jinsi ilivyoipanga, halafu inaliacha hapohapo. Mwenyewe wala hajui." Akaandika amri nyingine. "Folda nyingine zote hazina. Ni hii tu. Tarehe ni ya Jumamosi."

Generoza alisogea karibu na skrini. Maisha yake yote alijua kwato za kwenye tope. Hapa hapakuwa na tope, wala mguu, wala uzito wowote, na bado mpitaji alikuwa ameacha alama. Akainama kuutazama ule mstari kama baba yake alivyokuwa akiinama, na kwa muda akasahau kwamba watu wanamsubiri.

"Lakini Mac haiongei na hizi!" alisema Masele.

"Wewe nyumbani unaongea nini?" Asteria alimuuliza.

"Kisukuma."

"Na ukikutana na Msumbwa sokoni?"

"Tunaongea Kiswahili."

"Basi na hizi zina Kiswahili chao cha kugawana mafaili. Kila moja na mfumo wake, lakini zikikutana zinaelewana. Unaipa Mac anwani ya seva na neno la siri, imekwisha."

Generoza alinyoosha mkono. "Laptopu yako, Bwana Telesphori."

Aliitoa kwenye mkoba polepole. Asteria akaandika anwani ya seva, akabonyeza. Folda zote za ofisi zikafunguka palepale, zilezile zilizokuwa kwenye skrini ya Masele.

"Mama weee," alisema Masele.

"Hujaona jambo, mzee?" Asteria alimwambia. "Haikuniuliza neno la siri. Ilikuwa inalijua tayari."

Generoza alivuta kiti, akakaa mbele ya Telesphori. "Huna lazima ya kusema. Ukisema, nitaandika, na mahakama itasoma. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Kwetu lwayo ukiingia kijijini kwako, unapona kwa njia moja: onyesha ulipotokea kwenda kijiji kingine. Onyesha."

Telesphori alitazama mikono yake.

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Hapo nje. Kwa Rebeka, mama lishe. Wifi inafika."

"Na diski?"

"Niliichukua Ijumaa."

"Umemuuzia nani?"

"Sijauza!" Kwa mara ya kwanza aliinua uso. "Mliisoma ile ramani? Mkondo unapita chini ya makaburi ya kigango chetu. Mama yangu yuko pale. Na binti yangu Evelina, hata msalaba wa saruji sijamwekea. Mgodi ukija wanawafukua, wanawahamishia kusikojulikana, wewe unaambiwa weka sahihi."

"Ungeniambia, Telesphori," alisema Masele.

"Ungewarudisha wawekezaji?"

Masele alivua kofia.

"Diski iko wapi?" Generoza aliuliza.

"Kwa Evelina. Nilishindwa kuivunja. Nikaifukia pale, nikamwambia, mwanangu, kaa nayo."

Generoza aliyaandika hayo neno kwa neno. Akaweka kalamu chini.

"Waliokufa uliwaonea uchungu. Mama Luka je? Si unamjua? Si yeye anayekuchemshia chai hapa kila asubuhi?"

"Nilijua mtakosa ushahidi. Mngemwachia."

"Na jina lake angelirudishiwa na nani? Ungesimama kijijini mchana kweupe, ukasema hapa hapachimbwi. Ungepata watu nyuma yako. Badala yake umejificha nyuma ya mwanamke anayenyonyesha."

Telesphori aliweka uso viganjani. "Nisameheni," alisema.

Kabla ya jua kuzama, Melania alitoka mahabusu. Masele mwenyewe alikuja, kofia mkononi, akaanza hotuba. Melania alimpita, akamchukua Luka kutoka kwa bibi yake, akaketi kwenye ngazi za kituo kumnyonyesha.

Kesho yake gari la polisi lilifika Ushirombo. Katekista alisali kwanza. Generoza alitaka askari wafukue kielelezo, lakini Telesphori akaomba jembe, pingu zikafunguliwa. Alichimba taratibu, akitoa udongo kwa mikono, asiuguse msalaba wa mti.

Watu wa kigango walisimama wakitazama. Kaburi la kwanza kufukuliwa kwa ajili ya ile dhahabu lilikuwa la Evelina, na aliyelifukua alikuwa baba yake.