Wimbo Usiofungwa

Lazarus alimaliza kuimba, akaweka gitaa chini, akanywa maji. Kwenye hedifoni za Ilhan, pumzi ya mzee iliendelea kwenda.

Ilhan alidhani ni mashine. Studio yake ilikuwa chumba kimoja mtaani Waberi, mjini Garissa, kuta zimevikwa magodoro, na saa nane mchana, mji mzima ukiwa umelazwa na joto, hata waya huweweseka.

Lazarus alikuwa amefundisha kemia Garissa miaka thelathini na moja. Sasa, mstaafu mwenye moyo mbovu, alikuwa na gitaa la umeme na nyimbo tisa za roki kuhusu magoti, makaburi na majina anayoyasahau. Ilikuwa albamu yake ya kwanza na alijua hakuna ya pili. Wimbo wa tisa, "Pumzi", hakuupa mwisho. Ilhan aushushe sauti taratibu hadi upotee, aliagiza, kwa sababu kifo hakina nukta. Ilhan aliona huo ni woga uliovalishwa koti la falsafa, lakini mteja ni mteja.

Kesho yake wakausikiliza. Pale wimbo ulipofifia, sauti nyingine ikainuka, ya kijana, nzito, tamu: *Bumzi, nisubiri. Bumzi, nisubiri.*

"Umeniwekea nani hapo?" Lazarus aliuliza. "Hiyo b badala ya p ni ya kwenu Wasomali."

"B ni yetu, Mwalimu. Sauti si yetu."

Akasikiliza tena, na uso ukamlegea. Ilikuwa sauti yake mwenyewe, ya alipokuwa na miaka ishirini.

Kufikia siku ya tatu sauti ile ilikuwa imeingia nyimbo zote tisa, na chumba kilinuka uunsi, ubani wa Kisomali, ingawa hakuna aliyefukiza, na kila kijana yule alipovuta pumzi ndani ya spika Lazarus kitini alikatikiwa na yake, midomo ikimbadilika rangi, huku akitabasamu na kumwomba Ilhan asizime, aache kidogo tu, wafike kiitikio, mpaka Ilhan akang'oa waya ukutani na kuona taa za mashine zikiendelea kuwaka.

Alikimbia kumleta ayeeyo Muslimo, bibi yake, aliyewapigia wanawake waliopandwa na pepo ngoma za saar enzi za ujana wake. Ajuza alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakuingia.

"Wimbo hii iko na mwisho?"

Ilhan alieleza kwamba wameushusha sauti tu.

"Saar ukimbigia ngoma, unamfungia, anaenda," Muslimo alinong'ona. "Nyinyi mmemwita, mmemwacha katikati. Ataimba na bumzi ya huyu mzee mbaka iishe. Mzee afunge mwenyewe, na sauti yake. Aseme imeisha."

Lazarus alibisha kwamba hana mstari wa kumalizia. Ilhan akamwambia aache maringo, mistari anayo, anachokosa ni ujasiri. Basi Lazarus akashika gitaa, mashine ikirekodi, akaimba kwa mkwaruzo, kijana akiimba juu yake, akimzidi, akimvuta, hadi mzee akatamka polepole, "Nimefika. Imeisha," na kuzibana nyuzi kwa kiganja.

Kimya. Uunsi ukatoweka. Lazarus akavuta hewa ndefu kama aliyetua gunia. Muslimo akasema *alhamdulillah*, akaenda zake.

Ilhan akacheza albamu kuanzia mwanzo. Kijana hakuwemo. Nyimbo zote tisa ziliimbwa na mzee anayekohoa, anayekosa noti za juu, anayesema kweli. Ilhan aliona hatimaye wana albamu. Lazarus alisikiliza hadi mwisho bila kutikisika.

"Futa huo mwisho," alisema.

"Mwalimu, utakufa."

"Nitakufa tu, Ilhan. Lakini umesikia vile nilivyokuwa naimba?"

Ilhan akaifunika mashine kwa viganja vyake. Mzee aliviondoa kwa upole, kimoja kimoja, kama anayemnyang'anya mtoto wembe, akabonyeza kitufe cha kufuta mwenyewe. Kisha akarudi kitini, akafumba macho, akamngoja kijana, mdomo wazi kidogo, kama anayetaka kulishwa.