Alama Nyuma ya Mlango wa Mama

Haya yalimkuta jirani yetu, seremala, tuliyemwita Fundi Kesho. Kazi ya mteja haikulala kwake. Ya nyumbani? Thubutu! Mganga hajigangi. Kilichoharibika, wa nyumbani walikitia alama ya X kwa penseli ili akione. Akikitengeneza, mama yake alilowesha kidole kwa mate, akaifuta. Kidole hicho kilikuwa hakina kazi nyingi.

Kitasa cha chumba cha huyo mama kiligoma. Mlango ukijifunga, haufunguki kwa ndani. Adhuhuri moja akagonga. Ngo, ngo, ngo. Fundi alikuwa uani, anapiga randa kabati la mteja.

"Nakuja, mama."

Akamaliza ubao. Akashika mwingine. Alipokwenda kufungua, mama yuko sakafuni, amekata roho. Akamlaza kitandani, akatangaza kafia usingizini. Hata mkewe hakumwambia.

Mwezi wa pili baada ya mazishi dada yake mkubwa akaja kuchukua nguo za marehemu. Wakaketi uani wote watatu, wanakunywa chai, jua la utosi.

Ngo, ngo, ngo.

"Nani yuko chumbani kwa mama?" dada akanong'ona.

Mkewe Fundi akainamisha macho. "Hugonga kila siku saa hizi, wifi. Nilidhani nasikia peke yangu."

Fundi naye alikuwa akisikia. Akachukua bisibisi, akaenda kufungua. Chumba kitupu. Nyuma ya mlango, alama za penseli, moja kwa kila kesho aliyoahidi. Akatoa kitasa kipya, kilichokaa mwaka mzima kwenye sanduku lake la zana, akakifunga. Robo saa. Robo saa tu, jamani! Akalia kwa aibu.

Dada akainama. Karibu na sakafu palikuwa na alama moja, imepindapinda.

"Hii kachora nani, mdogo wangu? Mama alikuwa mrefu."

Ulimi ukamtangulia: "Dada, nitakueleza kesh..." Akaumeza. Akapiga magoti.

"Mama hakufia kitandani. Alinigongea. Nilimsikia."

Dada alitoka, akalala kwa jirani.

Asubuhi Fundi akaufungua mlango. Alama zote zilikuwa zimefutwa, ubao bado unyevu, kila moja kwa kidole kimoja.

Ile ya chini haikuguswa.