Chumba Kisichokuwa Kwenye Ripoti

Funguo zilikuwa nne na vyumba vilikuwa vitatu. Balaa lilianzia hapo.

Dalali wa mnada alizimwaga mkononi mwa Mthamini kwenye ngazi za mlango wa mbele, akasainiwa karatasi zake, akaondoka mbio kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mthamini alizihesabu, akaguna, akazitia mfukoni. Mtu mwingine angeuliza. Yeye hakuwa mtu wa kuuliza, alikuwa mtu wa kuulizwa. Kwa miaka ishirini mabenki yalimlipa kwa kazi hiyo hasa: kuingia katika nyumba za watu walioshindwa kulipa mikopo, kuzikagua juu mpaka chini, na kuandika zina thamani gani kabla hazijapigwa mnada.

Kusema aliingia ni kumpa heshima asiyostahili. Nyumba hii hakuwahi kukanyaga hata kizingiti chake. Alipotumwa kuikagua aliegesha gari kivulini, upande wa pili wa barabara, akawasha kiyoyozi, akala karanga, na kabla karanga hazijaisha alikuwa ameandika: vyumba vitatu vya kulala, kuta zina nyufa, paa limechakaa, mabomba ya maji mabovu. Hapakuwa na ufa hata mmoja. Bwana huyu alikuwa ameipenda nyumba ile kwa kuitazama tu kioo cha gari kikiwa kimefungwa. Alipoipenda akaiteremsha thamani, na thamani iliposhuka akainunua. Na kwa kuwa sheria za kazi yake zilimkataza kununua alichokithamini mwenyewe, aliandikisha hati kwa jina la mama yake mzazi, bibi asiyejua kusoma, ambaye aliweka dole gumba pale alipoonyeshwa na kumshukuru mwanawe huku machozi yakimlenga.

"Watu wanaogopa nyumba za mnada," alimwambia mkewe siku ya kuhamia, akijitupa kwenye kochi lililokuwa bado limefungwa nailoni. "Eti huruhusiwi kuingia kabla hujanunua. Eti unauziwa kama ilivyo, ukikuta kasoro ni yako, ukikuta mtu ndani ni wako. Waache waogope. Hizo kasoro naziandika mimi."

Mkewe alikuwa mfamasia, mwanamke mpole mwenye mazoea ya kusoma maandishi madogo ya chini kabisa. "Na ukikuta mtu ndani?" aliuliza.

"Polisi kazi yao nini?"

Mchana huohuo alikuja mwenye nyumba wa zamani, mkunga mjane wa miaka sitini na kitu. Alikuwa amekopa ili amtibu mumewe. Mume alikufa, deni likabaki. Masanduku yake, yaliyobaki ndani tangu benki ifunge nyumba, yalikuwa yametolewa asubuhi hiyo na kurundikwa kando ya barabara, na juu yake kulikuwa na mizani ya kupimia watoto wachanga. Hakuyagusa kwanza. Alipanda ngazi mpaka barazani.

"Baba, sikuja kugombana," alimwambia Mthamini. "Kuna kile chumba cha nyuma, baada ya jiko. Kila siku, saa sita mchana mpaka saa nane, tokeni nje mkae hapa barazani. Mwachieni nafasi. Marehemu mume wangu na mimi tulifanya hivyo miaka kumi na tisa, na hatukudhurika hata ukucha."

"Tumwachie nani?"

"Aliyekuwepo kabla yetu."

Mthamini alicheka mpaka akakohoa. "Mama, nyumba hii ina vyumba vitatu. Nimekagua vyote."

Mkunga alielekeza kidole ng'ambo ya barabara. "Hukukagua. Nilikuwa dirishani siku ile, nikakuona unatupa maganda ya karanga nje ya gari. Nikasubiri ubishe hodi. Nilikuwa nimeshateleka chai."

Mtu mwenye haya angeinamisha macho. Huyu alitazama saa yake. "Una nusu saa ya kuondoa vitu vyako barabarani," alisema, akafunga mlango.

Chumba kilikuwepo. Kilikuwa nyuma ya jiko, hakina dirisha, na ufunguo wa nne ulikifungua bila kukwama. Nyumba ilikuwa imefungwa miezi minne. Kila mahali vumbi lilikuwa limetanda, lakini sakafu ya chumba kile ilikuwa safi kama sahani. Mama yake Mthamini aliinama, akapitisha kidole sakafuni, akakitazama.

"Mwanangu, hapa pamefagiliwa leo."

"Basi tumepata stoo isiyo na kazi ya usafi," alijibu mwanawe. Akajaza humo makatoni ya mafaili yake na kufunga.

Siku tatu za kwanza bibi ndiye pekee aliyeshinda nyumbani. Siku ya nne, wakila chakula cha jioni, aliuliza taratibu, "Nani huja kufagia mchana?"

"Hakuna mtu, mama," mkwewe alimjibu.

"Yupo. Saa sita. Anafagia polepole, fya, fya, halafu anatulia, kama mtu anayesikiliza. Nikikohoa, anaanza tena. Na kuna harufu, kama nywele zilizoungua."

"Majirani hao," Mthamini alisema, akaomba chumvi.

Kesho yake walikuta makatoni yote yako kwenye korido, yamepangwa vizuri moja juu ya jingine, na mlango wa chumba umefungwa kwa ufunguo uliokuwa mfukoni mwake kutwa nzima. Alimgombeza mkewe kwa hilo, akamgombeza na mama yake, akayarudisha ndani.

Jumamosi ikafika. Mkewe alikuwa amempeleka bibi kliniki, na Mthamini alikuwa peke yake sebuleni na kompyuta yake, akiteremsha thamani ya nyumba ya mtu mwingine. Jua lilikuwa limesimama wima, barabara imetulia. Fya, fya. Aliinua kichwa. Fya. Aliondoka kwenye kiti kwa hasira, si kwa ujasiri, maana hasira ndiyo pekee aliyokuwa nayo, akapita jikoni akiwa ameshika ufunguo kama kisu, na kadiri alivyokaribia ndivyo harufu ya nywele zilizoungua ilivyomkaba koo, na sauti ya ufagio ikawa haikatiki tena, fya fya fya, kama mtu aliyejua mgeni yuko njiani na anataka kumaliza kazi kabla hajafika, na alipozungusha ufunguo na kuusukuma mlango hakuona mtu, aliona makatoni yake yamesukumwa ukutani na sakafu tupu yenye michirizi mipya ya ufagio iliyotoka kona ya mbali ikija kwake, mstari baada ya mstari, hadi mbele ya vidole vyake vya miguu, na akiwa bado anaitazama akahisi makuti makavu yakipita juu ya viatu vyake, taratibu, mara moja, mara mbili, kama zinavyosukumwa taka.

Alikimbia. Bwana aliyetegemea polisi alijikuta nje ya geti akiwa na kiatu kimoja. Mkewe aliporudi alimwambia kuna panya, na Jumatatu akamleta fundi azibe matundu. Hakumwambia yeyote alichokiona. Na kila asubuhi aliondoka kwenda ofisini kwake kwenye kiyoyozi, akamwacha mama yake ndani ya nyumba ile peke yake.

Wiki iliyofuata mfamasia alirudi nyumbani saa saba mchana kuchukua miwani yake. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Mkwe wake alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, akifagia kwa kiganja, ngozi imechubuka mpaka damu.

"Mama?"

Bibi aligeuka. Uso ulikuwa wake. Sauti haikuwa yake, ilikuwa sauti kavu ya mtu asiye na haraka. "Mama yako nimemkalia. Usilie, wewe sina neno nawe. Wewe unasoma karatasi kabla ya kusaini."

"Unataka nini kwake? Ni mtu mzima, hana kosa."

"Nilitafuta mwenye nyumba, nikaambiwa ni huyu. Dole lake liko kwenye hati. Mwite yule aliyemshika mkono akaliweka."

Mfamasia alimpigia mumewe simu, kisha akaenda mwenyewe kumtafuta Mkunga, aliyekuwa akikaa kwa mdogo wake mitaa miwili kutoka pale. Mkunga hakumwambia si nilisema. Alivaa viatu, akampitia njiani mwanamke mmoja muuza magodoro ambaye watu walimwita Bi Godoro, na aliyekuwa akitoa pepo tangu ujana wake. Bi Godoro alifunga duka kwa manung'uniko. Hakupenda kazi za mchana.

Mthamini aliwakuta wote wanne ndani ya chumba kile. Mama yake alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, kiganja chenye damu bado kikienda na kurudi sakafuni. Bi Godoro alikuwa amechuchumaa kichwani pake na kibuyu cha maji.

"Nimemwuliza kama ataondoka," Bi Godoro alisema bila salamu. "Amekubali. Hataki damu wala ubani. Anataka useme ulichofanya, hapa, mbele ya hawa."

"Nilichofanya nini?"

Kutoka sakafuni kilitoka kicheko kidogo. "Mnaona?"

"Mume wangu," mfamasia alinong'ona, "sema tu. Chochote. Mama anakwisha."

Na hapo, mama yake akiwa anakata roho miguuni pake, mtu huyu alikohoa, akanyoosha tai, akasema, "Inawezekana kulikuwa na kasoro ndogondogo za kiofisi katika uandaaji wa ripoti."

Mwili wa bibi ulijikunja kama karatasi iliyotupwa motoni. Harufu ya nywele zilizoungua ilijaa chumba.

"Mjinga wee!" Bi Godoro alifoka. "Unampunguzia bei mpaka jini?"

"Mimi nimekaa na watu wengi humu," sauti ilisema, ikitoka kwa shida sasa kwenye koo la kizee. "Walevi, mwizi mmoja, huyu mkunga na mumewe mgonjwa. Wote waliniogopa na wote niliwavumilia. Wewe ndiye wa kwanza ninayekuonea kinyaa."

Mkunga alikuwa ameketi akiwa ameshika miguu ya bibi kama anavyoshika ya mzazi. Aliinua uso. "Baba, si kwa ajili yangu. Mwangalie anavyopumua."

Mthamini alimwangalia. Midomo ya mama yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Ndipo akaketi sakafuni na suruali yake ya kazini, akasema yote. Kwamba hakuingia. Kwamba nyufa alizitunga. Kwamba mkunga angeuza mwenyewe kwa bei ya haki angelipa deni lote la benki na kubaki na cha kununulia nyumba nyingine. Kwamba mama yake hakujua alichotia dole. Alisema akilia kamasi, akimtazama jini, asimtazame mkunga hata mara moja, na mkewe akaliona hilo pia.

Kiganja kilisimama. Bi Godoro alimnyunyizia bibi maji usoni, akamwita mara tatu. Alifumbua macho, yakiwa macho yake mwenyewe, akamtafuta mkwewe kwa mkono. Harufu ilikatika kama imezimwa.

"Imekwisha?" Mthamini aliuliza.

"Ameachia mwili," Bi Godoro alijibu akifunga kibuyu chake. "Nyumba ni kwake. Huko simtoi, na wewe usiniombe."

Yaliyofuata yalichukua mwaka. Mfamasia alikwenda mwenyewe benki, kisha mahakamani, akaapa, akaeleza aliyoyasikia. Mauzo yakafutwa, Mthamini akanyang'anywa leseni, na nyumba ikarudi kwa Mkunga, deni lake alimalizie taratibu. Mkewe hakurudi kwake. Alikodi chumba kimoja juu ya duka la dawa na kusema amechoka kuishi na mtu asiyebisha hodi.

Bibi alipona, ila hakusema tena. Madaktari walimtazama koo, wakampiga picha za kichwa, hawakuona kitu. Alifumbua mdomo, ikatoka pumzi tu. Mkunga alipohamia tena nyumbani kwake, bibi alifunga kanga zake kwenye furushi, akamfuata, na hakuna aliyeweza kumrudisha.

Siku moja Mthamini alikwenda kumchukua. Alivaa shati jipya. Aliwakuta wazee wawili barazani kwenye benchi, saa sita na nusu mchana, wameupa mlango mgongo, wakichambua mboga kwenye ungo. Alisimama kwenye ngazi, hakupanda.

"Mama, twende nyumbani," alisema. "Nimepata nyumba nzuri ya kupanga."

Mama yake alimtazama, mikono imetulia juu ya ungo, midomo imefungwa. Ndani ya nyumba, nyuma kabisa, ufagio ulisimama.

"Nani huyo?" iliuliza sauti kutoka ndani.

Ilikuwa sauti ya mama yake. Ile ile nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, iliyomwimbia alipokuwa na surua.

Mkunga aliweka fungu la mboga chini. "Anasema ni mwanao," alijibu bila kugeuka, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyezoea mazungumzo hayo.

Sauti ikaja tena, taratibu, imekaribia mlango sasa.

"Mwambieni sikuzaa."

Mthamini alimgeukia mama yake, akasubiri atikise kichwa kukataa, atikise hata kidogo. Bibi aliokota jani jingine, akalikagua pande zote mbili, akaendelea kuchambua.