Kioo cha Tanuri la Gungu

Weka mkono kifuani uape kwanza, maana umbea huu ukifika Ujiji nitajua ni wewe! Haya.

Jovita, yule fundi wetu, si aliitwa kule Gungu kufunga bana ya dizeli kwenye tanuri la mikate la mzee Adolf? Bana ni lile dude linalopuliza mafuta yakawaka. Fundi wa kwanza, Theophil, moto ulimgomea, akawasha tena bila kusubiri mvuke wa mafuta utoke. Tanuri likamlipukia, tukamzika.

Jovita naye kuwasha, moto ukagoma. Akafunga mafuta, akaacha feni ipulize dakika tano. Chumba hakina dirisha, giza tupu, feni inavuma vuuu.

Mara ndani ya tanuri kukagongwa. Ko, ko, ko.

"Fundi, washa bwana, tutoke humu!" Ni mzee Adolf, aliyekuwa naye humo, kashakimbilia mlangoni.

"Siwashi!" Jovita akafungua tanuri, akamulika na simu. Hamna mtu, matofali tu. Akafunga. Ko, ko, ko!

"Gonga mpaka mkono ukatike! Dakika tano ni dakika tano!" Hahaa, mwanamke yule!

Zilipotimia akawasha, moto ukashika. Ulikuwa wa njano, una moshi, kioo cha kuchungulia kikajaa masizi. Akaongeza hewa kidogo kidogo, akainama achungulie. Moto unanguruma humo, na vidole vinne vikapita taratibu, vikayafuta yale masizi kwa ndani.

Kanihadithia Jovita mwenyewe, na anaapa hakurudi nyuma hata hatua.