Kamera ya Bi Nadjati

Mimi siogopi kitu. Shule niliyoitoroka ni shahidi. Haya yalimpata rafiki yangu Ousséni, mpiga picha wa mji wa Mahajanga, miaka ile uhuru ukiwa mbichi.

Mama yake, Bi Nadjati, aliugua hata hakuweza kuinuka mkekani.

"Mji mzima umeupiga picha. Mimi lini?"

"Kwa kamera mpya, mama."

Ousséni akaenda nami kisiwani Nosy Be, ambako Mfaransa mmoja wa mji wa Dzamandzar alikuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Kamera za filamu pana zilikuwa mbili: moja ya kukunja, ya kuwekwa jichoni; nyingine sanduku la lenzi mbili, la kuchungulia kwa juu, zuri kwa kumpiga picha mtu aliyeketi chini. Ousséni akazigeuza siku nzima.

"Wachagua kamera au mchumba?" nilimcheka.

Mwishowe akachukua sanduku pamoja na stendi ya miguu mitatu. Viatu vya mpira vya kuvika ncha za chuma za stendi akavikataa, ati urembo. Alipofika nyumbani, mama alikuwa ameshazikwa.

Mchana mmoja alifunga studio, akaacha kamera juu ya stendi na filamu mpya ndani, akaingia chumba cha giza kusafisha picha za harusi. Mle gizani akasikia chuma kikitembea juu ya saruji kule studio: tok, tok, tok.

"Nani?"

Kisha kamera ikalia, klik.

Alipotoka, komeo la studio lilikuwa mahali pake. Miguu ya stendi ilikuwa imefupishwa yote. Akaisafisha filamu. Ilikuwa na picha moja: mlango wa chumba cha giza, umefungwa, umepigwa kutoka kimo cha mtu aliyeketi mkekani.